Waya wa Mkiwa

Nikisema hadithi, msinijibu "njoo". Huku kwetu kitu hakiji mpaka kihesabiwe, na hadithi ikithubutu kuja kabla ya kuhesabiwa hupigwa faini ikarudishwa ilikotoka. Basi kaeni tu, mimi nitasema polepole, na mwenye kutaka kuhesabu ahesabu.

Nchi yetu inaitwa Jamhuri ya Bega kwa Bega. Msiitafute kwenye ramani, mtajichosha macho. Ni nchi nzuri, ina mvua, ina mihogo, ina bendera yenye mabega mawili yaliyogusana, na ina jambo moja ambalo nasikia nchi nyingine zimelikosa. Sisi tunapima unene wa waya wa umeme kwa upendo.

Huko kwa wenzetu, naambiwa, mtu akitaka kuvuta umeme anaulizwa atawasha nini. Taa ngapi, pasi, jiko, friji. Anajumlisha wati zake, anagawa kwa volti, anapata ampia, kisha anachagua waya utakaobeba hizo ampia bila kuungua. Maskini ya Mungu! Watu wazima na akili zao wanalisikiliza friji! Baba wa Mabega, Rais wetu wa kwanza na wa mpaka sasa, aliposimuliwa habari hizo alilia hadharani. Akasema, "Umeme ni mapenzi ya serikali kwa wananchi. Sitapeleka mapenzi kwa pasi. Hesabuni watu." Tukapiga makofi mpaka viganja vikatuuma.

Ikaundwa Wizara ya Umeme na Umoja. Wahesabu wake huja nyumbani kwako wakati wa chakula. Sinia likishawekwa mkekani, mhesabu anachuchumaa na kuangalia mikono inayoingia. Mkono mmoja, mtu mmoja. Asiyekula hahesabiwi, maana huenda ni mpita njia. Mikono ikiwa mingi unapewa Waya wa Ukoo, mnene kama mchi. Ikipungua, Waya wa Familia. Mume na mke wasio na mtu wana Waya wa Wawili. Na mkono ukiwa mmoja tu, unapewa Waya wa Mkiwa. Huo, wallahi, ukiuona utadhani ni uzi umechomoka kwenye fulana.

Na mambo yanakwenda vizuri, asiwadanganye mtu. Uwanja wa taifa wa mpira ulihesabiwa siku ya fainali, watazamaji wote wakila karanga, kwa hiyo una waya uliozidi paja langu, na taa moja, ya mlinzi. Hospitali kuu ndiyo ina kashida kadogo kwenye chumba cha upasuaji, kwa sababu anayesubiri kupasuliwa haruhusiwi kula, na asiyekula hahesabiwi. Daktari akiwasha taa, mashine inazima. Akiwasha mashine, taa inazima. Lakini ameshazoea, na wagonjwa wanaobaki hawajalalamika.

* * *

Mimi ni Mama Saumu. Mume wangu marehemu, Shali, alikuwa fundi umeme wa zamani, wa kabla ya upendo kuanza. Tulipokuwa na watoto wetu wote, na mama mkwe, na shemeji mmoja aliyekuja kutusalimia akaishia kuoa akiwa kwetu, tulikuwa na Waya wa Ukoo. Nilikuwa naoka mikate huku nguo zinapigwa pasi na redio inaimba, na bado friji linaguguma jikoni.

Kisha watu wakaanza kuondoka kama watu wanavyoondoka. Mama mkwe akatangulia mbele ya haki. Shemeji akahamia kwake. Wanangu mmoja mmoja wakaenda kutafuta maisha. Mama wa nchi nyingine, mtoto akiondoka, hubaki na chumba kitupu. Mimi nilibaki na chumba kitupu na fundi wa Wizara mlangoni ameshika koleo. Maana anayehama huhama kwa kibali, na anayekufa hufa kwa cheti, na Wizara hupata habari siku hiyo hiyo. Kila aliyetoka, walichomoa waya mnene wakapitisha mwembamba zaidi ndani ya bomba lile lile, mpaka waya ukawa unacheza humo kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake.

Shali aliondoka mwisho. Hitima ilisomwa asubuhi. Alasiri, kabla hata masufuria ya watu hayajarudishwa, wakaja wa Wizara.

"Pole sana, mama," akasema mkubwa wao, akanishika mkono kwa heshima zote. "Tumekuja kukupa pole na kukupunguzia."

Wakanipunguzia. Tangu siku hiyo nikawa na chaguo, taa au redio. Nikitaka kuona, nakaa kimya. Nikitaka kusikia mtu akisema, nakaa gizani. Oveni yangu nikaifanya kabati la vikombe.

Shali alikuwa na tabia ya kusema mahesabu yake kwa sauti akiwa juu ya ngazi, na aliyekuwa chini akishikilia ngazi ni mimi. Ndivyo nilivyoyajua. Alikuwa akisema, "Mama Saumu, waya ukiwa mrefu, nguvu hupotea njiani. Usimlaumu aliye mwisho akififia." Tena alikuwa akisema, "Nyaya ukizibana pamoja kwenye bomba moja hupashana moto, kila mmoja ukapungukiwa na uwezo. Ule ulio peke yake, wenye hewa yake, ndio hubeba zaidi." Maneno haya ya pili ndiyo yaliyomfukuzisha kazi. Wizara ilimwita ajieleze kwa nini anawafundisha wananchi kuwa aliye peke yake hubeba zaidi. Akasema ni fizikia. Wakamuuliza, fizikia ya chama gani? Akarudi nyumbani na mfuko wake wa bisibisi, anacheka mpaka machozi, na mimi nikacheka naye, tukala muhogo wa nazi.

Sasa nawaambia jambo moja waziwazi, kwa kuwa hapa si Wizarani. Nilikuwa mpweke. Nilikuwa nachemsha chai ya vikombe viwili kwa mazoea, cha pili nakinywa kimeshapoa. Nilikuwa namsalimia muuza maziwa kwa maneno mengi mpaka maskini akaanza kuacha chupa dirishani na kukimbia.

* * *

Adhuhuri moja simu ikalia. Ni Saumu, kitinda mimba wangu, aliyeolewa mji mkuu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti ndogo?"

"Ni mbali, mama. Mama, nimeingia mwezi wa nane. Nataka nije nizalie kwako."

Moyo wangu uliruka, nikakalia kinu nikidhani kiti. Ndiyo ada yetu, mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Mzazi hukaa arubaini nzima kwao, anakandwa kwa maji ya moto, ananyweshwa uji wa pilipili manga, na mtoto hulia humo ndani mpaka jirani wakasirike. Sikuwa nimesikia jirani akikasirika kwa ajili yangu miaka mingi.

"Njoo, mwanangu! Unangoja nini?"

Hapo mkwe wangu, Fumo, akaomba simu. Kijana ana adabu, sina la kumsema.

"Shikamoo, mama. Mimi sina neno. Ila mzazi anataka maji ya moto, anataka feni, anataka mwanga. Nasikia huko kwako taa na redio hugombana."

"Hazigombani, baba. Zinapokezana."

"Basi, mama, waya ukipatikana, namleta mwenyewe. Usipopatikana, atazalia huku kwa mama yangu, wao wana Waya wa Ukoo. Naogopa moto, mama. Unajua yaliyomkuta Mzee Bori."

Nayajua. Mzee Bori alikuwa na Waya wa Mkiwa. Siku ya baridi aliwasha birika na taa kwa pamoja, nyumba ikaungua yote. Gazeti la serikali liliandika kuwa chanzo cha moto ni upweke uliozidi kiwango.

Nikachukua kipande cha mkaa, nikaandika ukutani jikoni kama Shali. Hita ya maji, wati elfu tatu. Jiko, elfu mbili. Feni na taa, tuseme mia mbili. Gawa kwa volti mia mbili na arobaini, zinakuja ampia ishirini na moja na ushei. Kutoka nguzoni hadi kwangu ni mbali, basi ongeza unene kidogo kwa ajili ya nguvu itakayopotea njiani. Waya wa milimita nne za mraba ungenitosha na kubaki. Sikutaka mchi, jamani. Nilitaka waya wa kumkanda mwanangu.

* * *

Wizarani huruhusiwi kupanga foleni peke yako. Wanapanga wawili wawili, bega kwa bega, na aliye peke yake huazimwa bega mlangoni. Mimi niliazimwa mzee mmoja aliyekuwa amelala. Nilimsukuma mdogo mdogo mpaka dirishani.

"Nataka kuongezewa waya," nikamwambia karani. "Binti yangu anakuja kujifungua."

"Amekwisha kuja?"

"Atakuja waya ukija."

"Mama, mkono uingie siniani kwanza, ndipo waya uje."

"Akija kabla ya waya, mwanangu, siku nikiwasha hita waya utaungua."

"Ukiungua," akasema kwa upole, "utakuwa umethibitisha kuwa unahitaji mnene."

"Na nyumba je?"

"Nyumba iliyoungua haina wakazi, mama. Haihitaji waya."

Nikamuuliza habari ya mtoto aliye tumboni. Akaniuliza kama anakula. Nikasema anakula kwa mama yake. Akasema basi huo ni mkono mmoja, na bado haujafika.

Nikaona hapa pataharibika. Nikamsomea hesabu yangu yote kwa sauti, wati, volti, ampia, na ushei wake. Foleni nzima ikanigeukia. Yule mzee begani kwangu akaamka. Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka Mheshimiwa Ngwali Mzingo mwenyewe, Mhesabu Mkuu wa Mikono, mtu mnene, ana suti ya rangi ya maziwa na sauti ya mtu anayeona maikrofoni hata mahali isipokuwepo.

"Nani amesoma hesabu hiyo?"

"Ni mimi, Mheshimiwa."

"Ni sahihi!" akasema. "Ndugu wananchi, hesabu ya mama huyu ni sahihi kabisa! Milimita nne, wala si zaidi!" Nikaanza kumshukuru Mungu. "Lakini, ndugu wananchi, ni hesabu ya vitu. Mama, hukumtaja mtu hata mmoja. Wati za hita umezijua. Je, wati za udugu umezijua? Ampia za kupendana umezigawa kwa nini? Nenda, mama, ukatafute watu. Ukiwa na watu, waya utakufuata wenyewe, hata kama hutaki."

Watu wakampigia makofi. Na mimi nikapiga, maana anayenyamaza Wizarani huhesabiwa upande mwingine.

* * *

Jirani yangu ni Bi Hadia. Ukimwona mara ya kwanza utadhani ni mkali, na mara ya pili utahakikisha. Nilimkuta anachambua mchele uani, nikamweleza yote nikilia.

"Shoga, kwani wewe unaishi nchi gani?" akanikatiza. "Mtaa mzima huu una Waya wa Ukoo. Umewahi kuziona hizo koo?"

Kweli sikuwa nimeziona. Kumbe katika mtaa wetu watu huazimana watu, kama wanavyoazimana chekecheke na mbuzi ya kukunia nazi. Siku ya hesabu kwa Bi Hadia, mtaa wote hula kwa Bi Hadia. Siku ya hesabu kwa kinyozi, wote kwa kinyozi. Bi Hadia mwenyewe ameshakuwa shangazi, wifi, mke mwenza, na nyumba moja alikuwa marehemu aliyerudi.

"Mbona mimi hamkuniazima?"

Akainamisha kichwa kwenye ungo. "Ulikuwa na huzuni yako, shoga. Tukasema tusikusumbue."

Nilimeza hilo kama kidonge bila maji. Nilikuwa nimekaa mle ndani nikisikiliza vicheko vya mtaa, nikidhani kila nyumba ina harusi.

Siku ya hesabu yangu ikawekwa. Nikapika pilau kwa mkaa tangu alfajiri, sufuria la kuazima. Na wakaja! Walijaa mlango mzima. Kinyozi akaja kuwa mjomba, fundi viatu na mkewe wakaja kuwa wanangu ingawa mke anapata umri wangu, mapacha wa Bi Hadia wakawa wajukuu, na wengine sikujua ni kina nani hata baada ya kula kwangu. Viatu vilirundikana kizingitini. Mtoto akamwaga maji, mtu akamfokea, mwingine akamtetea. Mtu akaniuliza chumvi iko wapi. Enyi watu, hamjui utamu wa kuulizwa chumvi iko wapi.

Bi Hadia alikuwa ameniletea mpaka mume, Mzee Kitwana mstaafu wa reli, ndevu zimechanwa. Akaenda moja kwa moja akakaa kwenye kiti cha Shali.

"Hapo hapana," nikamwambia.

"Mimi si ndiye mume?"

"Mume ndiyo. Kiti hapana."

Akainuka, akakaa mkekani. Baadaye nilimwona anakiangalia kile kiti, kisha akanipasulia mfupa wa nyama akauweka upande wangu wa sinia. Naye mkewe alikufa, nilisahau kuwaambia.

* * *

Mheshimiwa Mzingo alikuja na msafara. Akachuchumaa kwa shida, magoti yakilia, akahesabu mikono.

"Na wewe ni nani?" akamuuliza kinyozi.

"Mjomba, Mheshimiwa."

"Nilikuona asubuhi mtaa wa pili. Ulikuwa babu."

Sote tukaacha kutafuna. Kinyozi akatoka jasho mpaka kidevuni. Mheshimiwa akamwangalia, akaliangalia pilau, kisha akacheka kicheko cha kikazi.

"Hiyo ndiyo Jamhuri, ndugu zangu! Mtu mmoja, huku babu, huku mjomba! Hapo ndipo tulipotaka kufika!"

Akasimama, akasafisha koo. Akatangaza kuwa nyumba ya Mama Saumu ina mikono kumi na minne, na kwa hiyo imepandishwa kutoka Ukiwa hadi Ukoo. Vigelegele vikapaa. Mafundi wakaingia na mchi wao, bomba likabidi libadilishwe maana halikuweza kuumeza. Nikasikia Mheshimiwa akiendelea na hotuba, kitu kuhusu kila waya kuwa na kikomo chake, kwamba kuuzidishia mzigo ni hatari kwa taifa, kwamba kumi na minne ni kumi na minne. Sikumsikiliza. Nani angemsikiliza? Nilikuwa nasongwa na vigelegele, nawaza uji wa pilipili manga. Nje wakapigilia kibati chekundu juu ya mlango, nikadhani ni pambo.

Jioni watu wakachukua viatu vyao. Sufuria likarudi kwa mwenyewe. Bi Hadia akaniambia Jumatano ya wiki ijayo tunakula kwa fundi viatu, nisichelewe, mimi ni bibi mzaa baba. Nikampigia Saumu.

"Mwanangu, waya upo! Njoo!"

* * *

Alifika Ijumaa mchana, yeye na Fumo, kwenye teksi iliyojaa mabunda ya kanga na beseni jipya la mtoto. Nilitoka mbio bila viatu. Lakini mlangoni kwangu palikuwa na mtu amekaa kwenye stuli, amevaa fulana ya Wizara. Aliletwa asubuhi ile. Siku hizi kila nyumba inayopandishwa hadi Ukoo hupewa mmoja, anaitwa Mlinzi wa Mzigo, na yangu ndiyo ya kwanza mtaani. Huyu wangu jina lake Makuka, kijana mpole, ananiita mama.

"Samahani, dada," akamwambia Saumu. "Huwezi kuingia. Nyumba imejaa."

Akaonyesha kile kibati. Ndipo nilipokisoma. Kilikuwa kimeandikwa IMEJAA.

Nikacheka kwanza. Wallahi nilicheka. "Imejaa nini, Makuka? Angalia ndani!"

Akachungulia kwa adabu. Akaona sebule, mkeka, kiti cha Shali.

"Wamo kumi na wanne, mama. Akiingia dada wanakuwa kumi na watano, na mtoto kumi na sita. Waya hautastahimili."

"Hakuna mtu humu! Wale walikwenda makwao siku ile ile!"

"Mtu huondoka kwa kibali au kwa jeneza, mama. Hao hawakutoka kwa kibali, wala sikuona jeneza. Basi wamo."

"Niko peke yangu!" nikapiga kelele. Nililipaza neno hilo barabarani, mimi niliyelificha miaka yote hata kwa muuza maziwa. "Niko peke yangu, enyi watu! Sina mtu!"

"Usiseme hivyo, mama," akanong'ona Makuka, ameona haya kwa niaba yangu. "Utawavunja moyo hao wa ndani."

Akampigia simu Mheshimiwa, naye akaja. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema jambo hili ni rahisi sana, tuwaulize mashahidi. Akamwita Bi Hadia, aliyekuwa amesimama nyuma ya pazia lake kama mtaa mzima ulivyokuwa nyuma ya mapazia yao.

"Bi Hadia, Mama Saumu anadai anaishi peke yake. Wewe ni jirani. Je, ni kweli?"

Bi Hadia akaniangalia. Nikamwangalia. Akisema kweli, chakula chetu cha kuazimana kimefichuka, na hesabu itaanza upya kwake, kwa kinyozi, kwa fundi viatu, mtaa mzima ukae gizani ukichagua taa au redio. Nilijua. Naye alijua kuwa najua.

"Mama Saumu?" akasema. "Aa, ana watu wengi sana, Mheshimiwa. Nyumba yake haikosi kelele. Hata kulala hatulali."

Akageuka, akaingia ndani. Mapazia ya mtaa yakatulia.

"Umeona, mama?" Mheshimiwa akanipigapiga bega. "Huwezi kuwa mpweke. Serikali imekuhesabu."

Nikamkumbatia mwanangu pale pale barabarani. Tumbo lake likanigusa, na yule aliyemo ndani akanipiga teke hapa, chini ya mbavu. Tulisimama hivyo mpaka dereva wa teksi akapiga honi. Fumo alikuwa analia, amegeukia ukutani.

"Njoo na sisi, mama," akasema.

"Kwenu hamjajaa?"

Kwao kumejaa kweli kweli, kwa watu. Nafasi iliyobaki ni ya Saumu na mtoto. Nikampa Saumu pilipili manga niliyokwisha kuitwanga, nikamweleza namna ya kukanda, kwamba mkono uanzie juu uje chini, usianzie chini. Akaitikia kila neno. Teksi ikaondoka, nikabaki na beseni lililokwisha kushushwa, tulisahau kulipakia tena.

* * *

Amezaa mtoto wa kike, wamempa jina langu. Nilimsikia kwenye simu akilia. Sauti ilikuwa ndogo, kwa ule umbali.

Jumatano iliyofuata ile Ijumaa sikwenda kwa fundi viatu. Bi Hadia aliacha bakuli la mchuzi kwenye kizingiti changu, likafunikwa kwa sahani. Makuka hakuliruhusu kuingia mpaka alipohakikisha kuwa mchuzi hauhesabiki. Nami nikaula, kisha nikalirudisha bakuli likiwa na maandazi, maana bakuli halirudishwi tupu. Hatujasemeshana bado.

Wiki iliyopita Mheshimiwa alirudi mwenyewe, bila msafara, na ngao ya mbao. Nyumba yangu imechaguliwa Nyumba ya Mshikamano ya mwaka. Alinikuta jikoni. Siku hiyo nilikuwa nimewasha kila kitu. Ilikuwa mchana wa jua kali na taa zote zinawaka, feni zinazunguka kwenye vyumba vya wanangu, redio inaimba, hita inachemsha maji ya kumkanda asiyekuwepo, na ndani ya oveni mna mikate ya sufuria. Niliushika ule waya kwa kiganja, kama Shali alivyokuwa akijaribu joto lake. Ulikuwa wa baridi. Umebeba yote hayo na haukupata joto hata kidogo.

Mheshimiwa akanikabidhi ngao kwa mikono miwili. Akakaza pua, akasikia harufu ya mikate. Nasikia mkewe alihama kwa kibali mwaka juzi, na kwamba waya wa nyumba yake ya serikali umepimwa kwa mikono ya askari wanaomlinda getini, ambao hula huko huko getini.

"Karibu basi ule, Mheshimiwa," nikamwambia. "Mikate ni ya moto. Chai nimechemsha ya vikombe viwili."

Akameza mate. Akavua kofia, akaangalia ndani, akaangalia mkeka, sinia, na vile vikombe viwili. Nikaona macho yake yanalowa. Makuka alikuwa ameshanyanyuka kwenye stuli.

"Ningependa sana, mama," akasema. "Wallahi ningependa. Lakini nyumba yako imejaa."

Akavaa kofia akaenda zake. Nami nikarudi ndani nikala.